Inchi 43 kwa mita 2.2: jinsi tulivyomchagulia mama runinga ya chumbani

Mama alianguka bafuni kwake Tanga, akavunjika nyonga. Baada ya upasuaji ilibidi awe karibu na kliniki, akaletwa Dar es Salaam kwa dada yangu, Mbagala, akapewa chumba kilichokuwa cha wajukuu. Kwa wiki nyingi dunia yake ikawa kitanda cha futi nne kwa sita, chandarua, dirisha moja na fremu ya kutembelea iliyoegeshwa ukutani. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri akazunguka mtaa mzima kujulia watu hali, sasa anasikiliza mazungumzo ya sebuleni kupitia mlango ulio wazi nusu. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa limeanza ukungu. Simu haoni. Redio anaisikia vizuri, lakini siku moja alituambia bila kuzunguka: "Nimechoka kusikia, nataka kuona."

Tukachanga. Ndugu wanne, shilingi 800,000, na sharti la kaka mkubwa kwamba hela hiyo imalize kila kitu, tusije kuitishana mchango wa pili wa waya na misumari. Mimi ni fundi, nina kibanda Tandika ambako natengeneza runinga na redio, kwa hiyo kazi ya kuchagua ikaniangukia. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wengi wanaoniletea runinga walizozinunua wakajuta walianzia palepale tulipotaka kuanzia sisi: inchi ngapi, na bei gani. Kwa runinga ya chumbani nimeshawishika kwamba swali la kwanza linaulizwa kitandani, kichwa kikiwa kwenye mto.

Shemeji ndiye aliyetaja inchi 55. Hoja yake haikuwa ya anasa hata kidogo. Mama haoni vizuri, alisema, basi mnunulieni kubwa, maandishi yatakuwa makubwa, atasoma. Ni kweli. Shida ni kwamba runinga ya inchi 55 yenye jina linaloaminika ilikuwa inaanzia shilingi 1,150,000 wiki ile tulipoulizia, na tulizoweza kuzimudu kwa laki nane zilikuwa za aina ambayo naijua sana kwa sababu huishia mezani kwangu.

Kabla ya kwenda dukani nilikwenda Mbagala na futi. Chumba kina urefu wa mita 3.3 kutoka ukuta wa kichwani hadi ukuta wa miguuni. Mama akiegemea mito miwili, macho yake yako kama nusu mita kutoka ukuta ulio nyuma yake, kwa hiyo runinga ikibandikwa ukutani mbele yake ataitazama kwa umbali wa mita 2.8. Kitanda kinabakiza njia ya mita 1.35 upande wa miguuni, na njia hiyo ndiyo anayopita na fremu yake akienda chooni. Macho yake, akiwa ameegemea, yako sentimita 105 kutoka sakafuni. Dirisha liko mkono wa kulia, na jua la asubuhi huingia hapo moja kwa moja.

Kisha nikachukua boksi la friji kutoka kibandani nikakata vipande viwili. Inchi za runinga hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe ya skrini, na watu wengi hawajui upana halisi wanaonunua. Inchi 43 ni upana wa sentimita 95 kwa kimo cha 54. Inchi 55 ni upana wa sentimita 122 kwa kimo cha 68. Nikapima pia yale maandishi yanayopita chini ya skrini wakati wa taarifa ya habari kwenye runinga ya sebuleni: kimo chake kilikuwa kama sehemu moja ya ishirini na tano ya kimo cha skrini. Maana yake, kwenye inchi 43 herufi zitakuwa na kimo cha sentimita 2.1 hivi, na kwenye inchi 55 zitafika 2.7. Nikaandika kwa maka pen nyeusi juu ya kila boksi, kwa vimo hivyohivyo, neno ambalo nilijua mama atataka kulisoma: COASTAL UNION.

Mama ni Mgosi wa Kaya wa damu, yaani shabiki wa Coastal Union, timu ya soka ya Tanga. Coastal walipochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988 alishona gauni kwa ajili ya sherehe, na gauni hilo bado liko kwenye sanduku.

Tukalitundika boksi kubwa ukutani. Akalisoma, polepole, herufi moja baada ya nyingine. Tukatundika dogo mahali palepale, akasema anaona mstari mweusi tu. Shemeji akanitazama kama anayesema, si nilikwambia. Hapo nikalishika boksi dogo mikononi nikaanza kumsogelea mama kidogo kidogo, nikiwa nimelinyanyua usawa wa macho yake. Nilipofika kama sentimita 60 kutoka ukutani akanyanyua mkono. "Hapo mwanangu. Hapo Coastal naiona."

Nikapima. Mita 2.2. Ukigawanya upana kwa umbali unaelewa kilichotokea: sentimita 95 kwa mita 2.2, na sentimita 122 kwa mita 2.8, ni uwiano uleule. Jichoni mwa mama, inchi 43 iliyosogezwa na inchi 55 iliyobandikwa ukutani ni runinga moja. Tofauti kati yake ilikuwa zaidi ya nusu milioni, na ingeweza kufidiwa na kipande cha chuma.

Wazo la kwanza la dada lilikuwa meza. Weka kabati fupi mbele ya ukuta, liweke mbele kidogo, kazi imekwisha. Lakini meza ingekula njia ya fremu. Ukiondoa sentimita 60 katika zile 135 zinabaki 75, na mtu aliyevunjika nyonga akigeuka usiku na fremu ya miguu minne hahitaji kona ya kabati kiunoni. Hapo ndipo tulipoamua kutafuta brakiti ya mkono, ile inayojikunja, inayoweza kuvutwa mbele na kugeuzwa kushoto na kulia. Mchana akiwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha unaigeuza imfuate. Akitaka kupita unaisukuma irudi ukutani. Sakafu inabaki wazi wakati wote.

Uamuzi huo wa brakiti ulitubana upande mwingine, na watu hulisahau hili. Runinga ya kuning'inia mbali na ukuta lazima iwe nyepesi. Kilo 8 zikiwa sentimita 60 mbele ya ukuta, na bamba la brakiti lina kimo cha sentimita 20, boliti za juu zinavutwa kama vile umezitundika kilo 24, mbali na uzito wenyewe unaoshuka chini. Inchi 43 nyingi zina kilo 7 au 8. Inchi 55 ni mara mbili ya hapo, au karibu. Kwa hiyo hata kama mtu angetuzawadia ile 55, isingefaa kwa mkono wa namna ile kwenye ukuta wa tofali za kufyatua mtaani.

Jumamosi tukashuka Kariakoo, mimi na shemeji.

Anayekwenda Kariakoo bila kujua anachotaka atarudi na alichotaka winga. Hatujamaliza hata kuvuka barabara kijana amekwishatushika: "Bosi, TV gani, njoo nikupeleke dukani kwetu." Sina ugomvi na mawinga, wanatafuta riziki kama mimi, ila faida yao inaingia kwenye bei na wao hawana duka la kurudishia mzigo ukiharibika. Nikamshukuru, tukaendelea.

Ya kwanza tuliyooneshwa ilikuwa inchi 55 ya jina nisilolijua, dabo glasi, yaani yenye kioo cha ziada mbele ya skrini, shilingi 760,000. Shemeji macho yakamtoka. Lazima niseme ukweli kuhusu dabo glasi, maana mafundi wengine huidharau: kwenye sebule yenye watoto wanaorusha mipira, kile kioo cha mbele kimeokoa runinga nyingi. Skrini za kawaida ni laini, kijiko mkononi mwa mtoto kinatosha kuiharibu. Lakini chumbani kwa mama hakuna mpira. Kuna dirisha. Nikamwomba muuzaji aizime, nikamwonesha shemeji: tulijiona sisi, mlango wa duka na pikipiki za nje, wazi kama kwenye kioo cha kinyozi. Mtu mwenye mtoto wa jicho tayari anasumbuliwa na mwanga unaotawanyika ndani ya jicho, na ukimwongezea dirisha zima juu ya picha umemtesa. Kioo hicho pia kinaongeza uzito.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hawezi kulionesha dukani. Runinga hizi zote za LED zina mistari ya taa nyuma ya paneli. Njia mojawapo ya kushusha bei ya skrini kubwa ni kupunguza idadi ya taa na kuzisukuma kila moja kwa umeme mwingi zaidi ili mwanga utoshe. Zinachemka, zinachoka mapema. Na kwa kuwa zimeungwa mfululizo, moja ikikata mstari mzima unazimika. Hicho ndicho kisa ninacholetewa mara kwa mara: "Fundi, sauti ipo, picha hakuna." Ukimulika tochi kwa karibu kwenye skrini unaiona picha, imo gizani. Kubadili taa si kazi ngumu kwa aliyeizoea, ila kwenye inchi 55 lazima uinyanyue paneli pana na nyembamba kama chapati ya maji, na ikipasuka, runinga imekufa.

Duka la pili lilikuwa la mtumba. Inchi 50, jina kubwa, shilingi 520,000. Mtumba mzuri upo na mimi mwenyewe nyumbani natumia mtumba, kwa hiyo niliikagua kwa moyo mweupe. Nikaomba picha nyeupe tupu kwenye skrini. Yakatokea madoa matatu ya mviringo, meupe kuliko sehemu nyingine. Hayo ni vilenzi vya plastiki vilivyobanduka juu ya taa za nyuma, na kimoja kikibanduka gundi ya vingine nayo imeshachoka. Nikaigeuza mgongo. Lebo ilisema volti 100: ilitoka Japani. Kwetu umeme ni volti 230, kwa hiyo ingehitaji transfoma ya kushushia kila siku ya maisha yake, na siku mtu mmoja atakapoichomeka moja kwa moja ukutani kwa kusahau itakuwa mwisho. Wajapani pia wana mfumo wao wa kurusha matangazo ya dijitali. Sisi tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 tuko kwenye mfumo mwingine, na sasa kifaa cha kunasa matangazo kilicho ndani ya runinga kinatakiwa kiwe cha mfumo wa DVB-T2. Ile isingekamata hata chaneli moja kwa antena.

Ya tatu ilikuwa inchi 43, shilingi 430,000, na kwenye boksi stika kubwa ya 4K. Mimi hutembea na flashi yenye picha moja ya mistari myembamba, mweusi na mweupe, iliyochorwa kwa vipimo vya Full HD, yaani nukta za picha, au pikseli, 1920 kwa 1080; 4K ina mara nne ya hizo. Kwenye paneli ya Full HD kweli, mistari inasimama kama nyuzi za kitambaa. Kwenye ile runinga ikageuka kijivu chenye mawimbi. Hata Full HD haikufika. Mle ndani kulikuwa na paneli ya 1366 kwa 768, na stika ilikuwa ikimaanisha labda kwamba inaweza kupokea faili la 4K na kulipunguza. Muuzaji alishangaa kwa dhati, nadhani hata yeye alikuwa hajui. Ukiwa huna picha kama hiyo, fungua maandishi madogo ya menyu, sogea hatua moja, tazama kingo za herufi kama zina ngazi.

Sasa, je, mama alihitaji 4K ya kweli? Hapa niliwaza sana kwa sababu inchi 43 ya 4K ya jina zuri ilikuwepo kwa 760,000, na mkono ulikuwa unanichezacheza. Upana wa sentimita 95 ukigawanywa kwa pikseli 1920, kila pikseli ina kama nusu milimita. Jicho zima, lenye afya, huacha kuitofautisha nusu milimita likivuka mita 1.7 hivi. Mama atakuwa mita 2.2, na macho yake si mazima. Zaidi ya hapo, vyanzo vyake vya picha vilikuwa king'amuzi, antena na mawaidha ya YouTube kwa bando la simu ya dada. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingemletea 4K nyumbani pale, na 4K ya mtandaoni hunywa bando vibaya: Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 7 kwa saa, wakati HD ni hadi GB 3. Kulipa 120,000 zaidi kwa pikseli zisizo na wa kuzijaza wala wa kuziona kulinishinda. Kwa mtu atakayekaa mita moja na nusu akicheza gemu ningesema tofauti.

Tulichukua inchi 43 ya Full HD, ya jina linalojulikana na vipuri vyake kupatikana, shilingi 640,000, na risiti ya EFD yenye tarehe kwa ajili ya waranti. Kabla ya kulipa niliitazama kutoka ubavuni. Rangi zilipauka ukisimama pembeni sana, dalili ya paneli za aina ya VA. Nyingine, za IPS, huhifadhi rangi pembeni ila nyeusi yake gizani huwa ya kijivujivu, kama usiku wenye mbalamwezi. Kwa kuwa brakiti yetu ingegeuka kumfuata mama, ubavu haukuwa na kazi, na chumba cha usiku kinafaidi weusi wa kweli. Kama runinga yako itakaa kimya ukutani na wawili mnalala kitandani, mmoja pembeni kabisa, pima hilo kinyume.

Brakiti 60,000, TV guard ya kuikinga na umeme mbaya 25,000, kigawanyio cha HDMI pamoja na waya wa mita 10 vikachukua 45,000, bajaji 10,000. Jumla 780,000. Runinga ilikwenda imesimama wima katikati ya magoti yetu, shemeji ameikumbatia njia nzima hadi Mbagala. Ukiilaza bapa, kila shimo la barabarani linaipiga paneli katikati. Shilingi 20,000 zilizobaki nilimpa dada anunue umeme wa LUKU.

Kwa nini kigawanyio? King'amuzi cha nyumba kiko sebuleni na hutumia dishi. Cha pili kingekuwa na malipo yake ya kila mwezi, na sharti la kaka mkubwa lilikuwa bado linanisikika. Kigawanyio hupeleka picha ileile pande mbili, kwa hiyo sebuleni wakibadili chaneli, na kwa mama inabadilika. Wajukuu wana katuni zao. Tungemfanya mama mateka wa katuni. Tukakumbuka juu ya paa kuna antena ya zamani, iliyobaki tangu walipokuwa na king'amuzi cha antena. Nikavuta waya wake hadi chumbani, nikatafuta chaneli kwa kifaa cha ndani cha runinga, zikaja zile zisizofungwa, TBC1 ikiwemo. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikawa yake bila kumwomba mtu. Coastal wakicheza, mechi za Ligi Kuu ziko Azam, basi siku hiyo sebule nzima inatazama anachotazama bibi. Wajukuu wamelikubali hilo kwa sababu siku ya mechi bibi huwanunulia ubuyu.

Ufungaji ulinipa somo nililostahili. Nilitoboa, nikaweka plagi za plastiki na skrubu ndefu, nikaining'iniza brakiti tupu nikaivuta kwa mkono, na plagi mbili zikatoka na vumbi la mchanga. Tofali zile zilifyatuliwa na saruji kidogo. Nashukuru nilijaribu kabla ya kutundika kitu. Nikatoboa ukuta wote hadi koridoni, nikapitisha boliti nne kutoka upande hadi upande na bamba la chuma nyuma. Koridoni linaonekana, dada amelitundikia kalenda juu. Mtoto wa kilo thelathini amelibembea brakiti hilo bila ruhusa, halikutikisika.

Kimo nacho nilikikosea. Mazoea ya mabaa yametufundisha kuweka runinga juu karibu na dari, nami niliweka katikati ya skrini kwenye sentimita 140. Siku ya pili mama alilalamika shingo. Nikashusha hadi 115 na kuiinamisha kidogo kumwelekea, shingo ikapona.

Halafu chandarua. Vipimo vyote vile, hesabu zote zile, na sikuwahi kulifikiria. Usiku wa kwanza dada akashusha chandarua, mama akasema picha imeingia ukungu. Nikaingia mle ndani nikalala alipolala yeye. Chandarua cheupe kinapigwa na mwanga wa skrini na chenyewe kinang'aa. Unatazama picha kupitia pazia lililowashwa. Maboksi yetu tuliyajaribu mchana, chandarua kimefungwa juu. Kuitazama runinga nje ya chandarua haikuwa suluhisho, mbu wa Mbagala hawamhurumii mgonjwa, na mtu wa umri wake baada ya upasuaji hachezewi na malaria. Tulifanya mambo mawili. Chandarua cheupe kilikwenda kwa wajukuu, mama akapata cha rangi ya buluu iliyokoza, ambacho kinarudisha mwanga kidogo zaidi. Na mwanga wa taa za nyuma, uliotoka kiwandani ukiwa 100, niliushusha hadi 45. Dukani mwanga wa runinga huongezwa hadi mwisho ili ishindane na jirani yake. Gizani, hasa kwa jicho lenye mtoto, ni mateso. Niliacha pia taa ndogo ya manjano ikiwaka nyuma ya runinga ili chumba kisiwe giza totoro. Mama akasema sasa anawaona watangazaji uso. Taa zilizopunguzwa hivyo hudumu zaidi pia, na nikiwa fundi sijui ushauri wa bure ulio bora kuliko huo.

Sauti ilikuwa shida ndogo. Spika za runinga nyembamba hutazama chini au nyuma, na feni ya dari hufunika maneno. Ukiongeza sauti, nyumba nzima inaamka. Spika ndogo niliyokuwa nayo kibandani nimeiweka kwenye stuli karibu na mto, imeunganishwa kwa waya kutoka tundu la hedifoni, na sauti imekuwa ya mazungumzo ya watu wawili. Kipima muda cha kuzima nimekiweka saa nne usiku, maana alikuwa akisinzia na skrini ikimmulika hadi alfajiri.

Umeme shemeji aliuliza mapema, na jibu lilimfurahisha. Runinga hii kwa mwanga kamili ni kama wati 70. Saa sita kwa siku ni uniti 12 na ushei kwa mwezi, na kwa kuwa elfu kumi hutupatia uniti 28 hivi, haifiki shilingi 5,000. Kwa mwanga tulioushusha ni pungufu ya hapo. TV guard ndiyo niliyoisisitiza: umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, yenyewe husubiri dakika chache utulie kabla ya kupitisha.

Miezi minne baadaye mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Siku ya tatu baada ya kutoa bandeji nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake cha dirishani, hakugeuka nilipoingia, alikuwa akitazama marudio ya mechi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu lisukume hilo dude lirudi ukutani, limenikaa usoni mno."

Nikaushika mkono wa brakiti, nikaukunja taratibu hadi runinga ikagusa ukuta. Akakunja macho kidogo, akanisomea matokeo yaliyokuwa yakipita chini ya skrini, yote, mpaka mechi za daraja la kwanza.